Kesi ya Ngedere kwa Nyani: Yampasapo Mwamuzi Kujitoa katika Shauri

Kila mtoto wa shule ajua methali isemayo kwamba kesi ya ngedere haipelekwi kwa nyani. Watu huitaja wakicheka, lakini atakayeitazama vema ataona ya kuwa imebeba fundisho kubwa la sheria. Kwa maana methali haisemi kwamba nyani ni mwongo, wala kwamba amelishwa mahindi ya wizi, wala kwamba hajui kuamua. Yasema tu ya kwamba nyani na ngedere ni jamaa, na kwa hiyo mwenye shamba hawezi kurudi nyumbani na moyo mtulivu, hata kama hukumu aliyopewa ilikuwa ya haki. Hilo ndilo jambo tutakalolieleza hapa: ni lini yampasa mwamuzi kuondoka kitini, si kwa sababu imethibitika kwamba ameegemea upande mmoja, bali kwa sababu watu wenye busara wana haki ya kushuku kwamba ataegemea.

Huenda msomaji akasema, "Hayo ni ya majaji, sisi walimu na mapadre yatuhusu nini?" Yatuhusu sana. Katika nchi ya Mpanda na Mkoa wa Katavi wote, tangu Karema ufukoni mwa Tanganyika hata Mpimbwe katika bonde la Rukwa, mashauri mengi huanza, na mengi huishia, mbele ya watu wasiovaa joho. Mwalimu mkuu huamua ugomvi wa wanafunzi, na pengine ugomvi wa mwalimu na mzazi. Katekista huitwa kupatanisha mume na mke. Mchungaji au mzee wa kanisa huchaguliwa kuwa mjumbe wa baraza la ardhi la kijiji, kwa kuwa watu humwamini. Katika hali hizo zote mtu huketi mahali pa hakimu, naye yampasa ajue sheria ya kiti hicho.

1. MANENO YENYEWE

Tuanze na maneno, maana mara nyingi lugha imekwisha kufikiri kabla yetu. Neno la asili la Kibantu ni kuamua. Maana yake ya kwanza ni kuwatenganisha watu wanaopigana; ndipo likapata maana ya kukata shauri. Basi mwamuzi ni yule asimamaye katikati ya wawili. Asimamaye upande mmoja hawezi kuamua. Huyo ameongeza mpiganaji wa tatu.

Maneno hukumu, hakimu, mahakama na hekima yametoka katika Kiarabu, nayo yote ni ya shina moja. Wengi hudhani ya kuwa haki ni ndugu yake hakimu, kwa kuwa maneno hayo yafanana katika matamshi yetu. Sivyo: haki ina shina lake lenyewe katika Kiarabu, lenye maana ya kweli na stahili. Kwa hiyo hakimu na haki si ndugu wa kuzaliwa, nao hukutana pale tu mwenye cheo akiitafuta. Neno jaji tumelipata kwa Waingereza, na katika Tanzania ya leo latumika kwa waamuzi wa Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani, na hakimu kwa wale wa mahakama za chini.

Kwa ule ubaya tunaouzungumzia, Kiswahili kina upendeleo, neno litokalo katika kupenda. Lugha yatuonya kwamba jambo hili huanza na kupenda, wala si lazima lianze na rushwa. Mla rushwa ajua kwamba amekula. Lakini apendaye mara nyingi hajui kwamba ameegemea. Tena lipo neno chuki, ambalo ni upendeleo uliogeuzwa kichwa chini.

Kitendo cha mwamuzi kuacha shauri huitwa kujitoa au kujiondoa. Walimu waangalie wasiseme kujiuzulu, maana ajiuzuluye huacha kazi yote, lakini ajitoaye huacha shauri moja tu, na kesho yake ataketi tena kusikiliza lingine. Tofauti hii si ndogo. Wako wajumbe wa mabaraza wakataao kujitoa kwa kudhani kwamba wanaambiwa hawafai kazi. Mambo haya yazidi kuwa na faida kwetu tangu mwaka 2021, sheria ilipobadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama katika Tanzania. Kwa maana maneno ambayo zamani tulikuwa tukiyachezea barazani sasa ni vyombo vya kazi ya sheria.

2. KWA NINI MACHO YA WATU YANAHESABIWA

Mtu aweza kuuliza: "Ikiwa mwamuzi ni mwema na moyo wake ni safi, kwa nini afukuzwe kwa sababu ya mawazo ya watu?" Tutatoa majibu matatu.

Kwanza, moyo hauonekani. Hatuwezi kumpasua mwamuzi tukatazame mna nini ndani. Tungedai kwamba upendeleo uthibitishwe hasa, wachache sana wangeweza kuuthibitisha, na upendeleo mwingi ungepita bila kuguswa. Ndiyo sababu sheria hutazama yale yanayoonekana: undugu, urafiki, ugomvi, mali.

Pili, mwamuzi mwenyewe haujui moyo wake wote. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Naye huivuta bila kufanya hila, kwa kuwa mikono yake iko upande huo. Mtu aliyemlea kijana kwa mkono wake atayasikia maneno ya kijana huyo kuwa ya kweli, na maneno ya adui yake kuwa ya ujanja, naye ataapa kwa Mungu kwamba amesikiliza sawasawa.

Tatu, kazi ya hukumu ni kumaliza ugomvi, tena hasa kwa yule aliyeshindwa. Aliyeshinda hupendezwa na hukumu yoyote. Aliyeshindwa ndiye atakayeondoka barazani ama akisema, "Nimeshindwa, lakini nimesikilizwa," ama akisema, "Walikwisha kuyapanga usiku." Akisema hili la pili, ugomvi haukwisha, umehama tu kutoka barazani kwenda shambani, nako shambani kuna mapanga na moto. Basi hukumu iliyo sawa katika kila neno, lakini iliyotolewa na mkwe wa mshindi, ni kama maji safi yaliyotiwa katika chungu kichafu: nani atakayeyanywa?

3. MAMBO YA KALE KATIKA NCHI HII

Wenyeji wa tangu zamani wa nchi hii, Wabende, Wapimbwe, Wakonongo na jamaa zao, walikuwa na watawala wao, na mtawala ndiye aliyekuwa mwamuzi. Hakuketi peke yake. Wazee walikaa naye, na watu walisikiliza wakiwa wamezunguka. Ule wingi wa masikio ulikuwa kinga yake na kinga yao: mtawala aliyependelea waziwazi alipendelea mbele ya watu wote. Lakini lilibaki shauri moja gumu, nalo ni shauri lililomhusu mtawala mwenyewe au watu wa nyumba yake. Hapo mtu angekwenda wapi?

Yatupasa kusema kweli juu yetu sisi watu wa misheni pia. Wabelgiji walijenga kituo chao Karema mwaka 1879, na mwaka 1885 wakawakabidhi Mapadre Weupe. Katika miaka ile ya mwanzo, kabla serikali ya Wajerumani haijashika nchi vema, misheni yenyewe ilikuwa mlinzi wa watu, mgawaji wa mashamba, mwalimu, na mwamuzi wa magomvi. Hatusemi kwamba waliamua vibaya. Wengi walikimbilia kwao kwa kuwa waliona amani pale. Lakini mtu aliyegombana na misheni juu ya shamba alimkuta aliyegombana naye ndiye aketiye kitini. Hilo si kosa la moyo wa mtu fulani. Ni kosa la kiti chenyewe.

Wakati wa Waingereza mambo hayakubadilika sana. Sheria ya mabaraza ya wenyeji ya mwaka 1929 iliyaondoa mabaraza hayo chini ya Mahakama Kuu, na rufani zikapanda kwa maofisa wa serikali mpaka kwa Gavana. Hivyo mtawala aliyekusanya kodi ndiye aliyemhukumu asiyelipa kodi, na bwana shauri aliyemsimamia mtawala ndiye aliyesikiliza rufani. Utawala wa machifu uliondolewa kwa sheria mwaka 1963, na mwaka uliofuata zikaanza mahakama za mwanzo zenye mahakimu wasio watawala. Wengi huyahesabu mageuzi hayo kuwa ya siasa tu, lakini kwa shauri letu yalikuwa na maana nyingine: kwa mara ya kwanza mtu wa kijijini aliweza kumshitaki mkubwa wa kijiji mbele ya mtu asiye mkubwa huyo.

4. SHERIA YA LEO YASEMAJE

Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, katika ibara ya 13, yampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu shauri lake linapoamuliwa. Na ibara ya 107A yaagiza mahakama zitende haki kwa wote bila kujali hali ya mtu kijamii wala kiuchumi. Lakini mambo ya kujitoa yameelezwa zaidi na majaji wenyewe katika hukumu zao.

Katika shauri la Tumaini, lililochapishwa katika ripoti za sheria za Afrika Mashariki za mwaka 1972, Jaji Mwakasendo alifundisha kwamba kinachotazamwa si nia ya mwamuzi, bali ni picha wanayoipata watu wenye busara. Baadaye Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Laurean Rugaimukamu juu ya Inspekta Jenerali wa Polisi, Rufani ya Madai Na. 13 ya mwaka 1999, ilitaja sababu tatu zinazompa mdaawa haki ya kumkataa jaji au hakimu. Ya kwanza ni kuwapo ushahidi wa uadui baina ya mdaawa na mwamuzi. Ya pili ni mwamuzi kuwa na uhusiano wa karibu na upande mmoja. Ya tatu ni mwamuzi, au mtu wa jamaa yake ya karibu, kuwa na faida katika matokeo ya shauri, mbali na faida ya kuona haki inatendeka. Mahakama hiyo hiyo ilionya kwamba jaji asiombwe kujitoa kwa hofu nyepesi au za kuwaziwa tu. Msomaji ashike yote mawili, sababu na onyo, maana ashikaye moja tu amepotea.

Sheria hii haikuzaliwa Afrika peke yake. Huko Uingereza mwaka 1852 Lord Cottenham, aliyekuwa jaji mkubwa kabisa, alikuwa ameamua shauri la kampuni ya mfereji ambayo yeye mwenyewe alikuwa na hisa zake. Hakuna aliyedhani kwamba hisa hizo zilimpotosha. Hata hivyo hukumu yake ilitanguliwa. Tena mwaka 1998 majaji wa Baraza la Malodi, watatu kwa wawili, walikata shauri juu ya Jenerali Pinochet, aliyekuwa mtawala wa Chile. Ikaja kujulikana ya kuwa mmoja wa wale watatu, Lord Hoffmann, alikuwa mwenyekiti wa shirika la hisani lililofungamana na Amnesty International, nayo Amnesty ilikuwa imeruhusiwa kuingia katika shauri lile. Hukumu ikafutwa, na shauri likasikilizwa upya na majaji saba. Mwezi wa Machi 1999 wakafikia uamuzi usio mbali na ule wa kwanza, ingawa kwa sababu zilizo nyembamba zaidi. Mtu aweza kusema kazi yote ilikuwa bure. Twasema haikuwa bure: uamuzi wa pili hakuna aliyeweza kuukataa kwa sababu hiyo tena.

Hapa kwetu, mwaka 2021 watu wengi walilifuata shauri la ugaidi lililomkabili Bwana Freeman Mbowe, kiongozi wa chama cha upinzani, na wenzake watatu, katika Mahakama Kuu huko Dar es Salaam. Mwezi wa Septemba washitakiwa walisema kwamba hawana imani na Jaji Elinaza Luvanda, wakamwomba ajitoe, naye akajitoa. Shauri likapewa Jaji Mustapha Siyani, na huyo alipopandishwa cheo kuwa Jaji Kiongozi likapewa Jaji Joachim Tiganga. Mwezi wa Machi 2022 Mkurugenzi wa Mashitaka akaliondoa shauri lote. Hatulitaji ili kuamua nani alikuwa na haki, bali kwa kuwa laonyesha mambo mawili. La kwanza, kujitoa si kukiri kosa. Hakuna mahakama iliyosema kwamba jaji yule alipendelea. La pili, jaji mmoja alipotoka, mahakama haikuvunjika. Mwingine aliketi na kazi ikaendelea.

Upande wa pili nao una mfano wake. Mwaka 2007 Serikali ya Kenya iliiomba Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, yenye makao Arusha, kwamba majaji wawili Wakenya wasisikilize shauri la Profesa Anyang' Nyong'o na wenzake, kwa sababu ya mambo yaliyotokea baina ya majaji hao na serikali yao katika usafishaji wa mahakama za Kenya wa mwaka 2003. Ombi lilikataliwa. Mahakama ilieleza kipimo: je, mtu wa kawaida mwenye busara, mwenye kupenda haki, tena aliyearifiwa habari zote, angehofu kwamba jaji hatalikata shauri bila kuegemea?

Tulipime neno hilo, aliyearifiwa habari zote, kwa maana ndilo ukuta uzuiao uvumi. Si kila minong'ono ya sokoni imwondoe mwamuzi. Mtu anayepimiwa si yule mwenye hasira aliyeona mwamuzi akinywa chai na jirani yake, bali ni yule aliyeuliza, akajua kwamba walikutana msibani pamoja na watu mia.

5. NANI NI NDUGU?

Hapa desturi na sheria zakutana, na hapa ndipo pagumu. Sheria yasema "uhusiano wa karibu," lakini katika vijiji vyetu neno ndugu ni pana kama mwavuli. Mtoto wa mama mmoja ni ndugu, mtoto wa baba mdogo ni ndugu, na mtu wa ukoo mmoja aliyezaliwa mbali ni ndugu. Kama kila ndugu angekataliwa, tungepata wapi mwamuzi?

Kanisa limejaribu kulijibu swali hili kwa hesabu. Kanuni ya 1448 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 yamkataza mwamuzi kusikiliza shauri linalomhusu kwa undugu wa damu au wa ndoa: katika mstari wa wazazi na watoto kwa daraja zote, na katika mstari wa kando mpaka daraja ya nne, yaani mpaka watoto wa ndugu wawili. Tena yamkataza kwa sababu ya ulezi wa mtoto, urafiki mkubwa, chuki kubwa, au faida na hasara yake. Na kanuni inayofuata yasema kwamba askofu mwenyewe akiwa ndiye mwamuzi, naye akapingwa, yampasa asiamue. Msomaji atazame: sheria haikumwambia askofu athibitishe kwanza usafi wake.

Lakini hesabu haitoshi. Mkwe ana daraja yake katika karatasi. Katika desturi ana heshima ambayo karatasi haiijui. Mtu anayemwepa mama mkwe njiani hataweza kumwuliza maswali makali barazani, wala kumwambia mbele za watu, "Mama, umesema uongo." Huyo na ajitoe, hata kama kitabu hakimlazimishi. Mtani naye ni wa namna nyingine. Wengine husema mtani ndiye mwamuzi aliye bora, kwa kuwa aruhusiwa kusema ukweli mchungu pasipo mtu kukasirika. Sisi twaona kwamba mtani afaa kwa upatanishi, lakini si kwa hukumu. Maneno yake yaweza kuhesabiwa mzaha, na mali aichukuayo kwa mtani wake huenda isihesabiwe wizi. Hukumu haitaki kuchanganywa na ruhusa za namna hiyo.

Je, kabila? Mkoa huu umekusanya watu wengi. Reli ya kutoka Kaliua ilifika Mpanda mwaka 1950 kwa ajili ya madini ya risasi, ikaleta wageni. Wasukuma wameshuka na ng'ombe wao mpaka Mpimbwe. Wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 walipewa makazi Katumba na kisha Mishamo, na mwaka 2014 wengi wao walikabidhiwa uraia; pamoja na wenzao wa Ulyankulu walikuwa zaidi ya watu 160,000. Basi, mkulima Mpimbwe akigombana na mfugaji Msukuma, je, mwamuzi aliye Mpimbwe ajitoe? Twajibu kwamba kabila peke yake si sababu, wala dini peke yake si sababu. Tukikubali kabila liwe sababu, tumesema kwamba hakuna mtu awezaye kumtendea haki asiye wa kwao, na huo ni uongo unaobomoa nchi. Lakini ikiwa mwamuzi huyo ameonekana mwezi uliopita akisimama mkutanoni na kusema wafugaji wote waondolewe, hapo si kabila lake linalomkataza bali ni maneno yake. Amekwisha kuhukumu kabla ya kusikia.

Tena si sababu kwamba mwamuzi aliwahi kuniamulia vibaya. Dawa ya hukumu mbaya ni rufani. Kama kila aliyeshindwa angeruhusiwa kumkataa aliyemshinda, wadaawa wangechagua waamuzi kama wachaguavyo viazi sokoni, na mwisho angebaki yule mlaini anayempendeza kila mtu.

6. "HUKU KWETU TWAJUANA SOTE"

Pingamizi kubwa kuliko yote ni hili, na tumelisikia mara nyingi: mambo hayo yafaa Dar es Salaam penye majaji wengi; kijijini hakimu ni mmoja, wazee ni wale wale, na wote wajuana. Atakayejitoa leo atajitoa kila siku.

Pingamizi hili lina ukweli, na sheria yaujua ukweli huo. Ikiwa kila awezaye kuamua ana sababu ya kukataliwa, basi lazima mmoja aketi, maana kukosa mwamuzi kabisa ni dhuluma kubwa zaidi. Lakini lazima hiyo isikimbiliwe upesi. Mahakama za juu zaweza kuhamisha shauri kutoka kwa hakimu mmoja hadi kwa mwingine. Baraza la ardhi la kijiji, kwa sheria ya ardhi ya vijiji ya mwaka 1999, lina wajumbe saba, na kati yao wasiopungua watatu ni wanawake. Mmoja akikaa kando, wamebaki sita. Tena tangu mwaka 2021 mabaraza ya kata hayaamui tena mashauri ya ardhi, bali hupatanisha. Wasipopatana, shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Basi mara nyingi mlango upo, ni kwamba tu hatutaki kutembea mpaka mlangoni.

Tuseme mfano. Ng'ombe wameingia katika shamba la mahindi la mjane. Mjumbe mmoja wa baraza amewaweka ng'ombe wake watatu katika kundi lile lile, achungiwe na mwenye kundi, kama ilivyo desturi. Mahindi hayakuliwa na ng'ombe wake, au labda yaliliwa, nani ajuaye? Mjumbe huyu ni mtu wa sala na hajaiba kitu maishani. Je, aketi? Asiketi. Akiketi na kumpa mjane fidia ndogo, mjane atahesabu wale ng'ombe watatu maisha yake yote. Akimpa fidia kubwa, mwenye kundi atasema amejipendekeza ili asisemwe. Hakuna hukumu atakayoitoa itakayosafika. Na akinyamaza, habari ikajulikana baada ya hukumu, wenzake sita waliokuwa hawana lolote watapakwa matope pamoja naye.

7. NAMNA YA KUJITOA

Tumalizie kwa maagizo machache ya kazi.

Mwamuzi aseme mapema. Siku shauri linapotajwa, kabla ya shahidi wa kwanza, na aseme wazi: "Mdaiwa ni shemeji yangu," au, "Shamba hili lapakana na langu." Asingoje kuulizwa. Mnyonge haulizi; mjane na mgeni hawana ujasiri wa kumwambia mkubwa, "Sikutaki."

Kama jambo ni dogo, awaulize wadaawa wote wawili mbele ya watu. Wakikubali aendelee, kibali chao kiandikwe. Lakini aangalie: kibali cha mtu anayekuogopa si kibali. Kama mali yake mwenyewe imo katika shauri, asiulize, aondoke.

Naye mdaawa mwenye sababu aiseme mapema vilevile, kwa heshima, akieleza mambo na si matukano. Asiifiche mfukoni akisubiri kuona kama atashinda, ili aitoe akishindwa. Mwenye kufanya hivyo hatafuti haki, atafuta kinga.

Akiisha kujitoa, mwamuzi atoke kweli. Asikae nyuma ya mlango akiwanong'oneza wenzake, wala asiwapelekee salamu. Wako waliojitoa kwa mwili na kubaki kwa ulimi.

Mwisho, asione haya. Mwaka 2001 wakuu wa mahakama wa nchi kadha, kati yao Jaji Mkuu Samatta wa Tanzania na Jaji Mkuu Odoki wa Uganda, walikutana Bangalore huko India kuandika misingi ya mwenendo wa majaji, nayo ikakamilishwa huko The Hague mwaka 2002. Kuwa bila upendeleo ni mmoja wa misingi hiyo, na kujitoa kumeandikwa humo kuwa sehemu ya kazi ya jaji. Ikiwa wakuu hao hawakuona aibu kujiandikia hivyo, mwalimu wa Inyonga au katekista wa Karema aone aibu ya nini?

Watoto shuleni hututazama kuliko tunavyodhani. Siku mwalimu mkuu atakapowaambia, "Kijana huyu ni mwanangu, kwa hiyo shauri lake atalisikiliza mwalimu mwingine, nami nitakaa nje," siku hiyo watakuwa wamefundishwa sheria kuliko kwa masomo ya mwaka mzima. Na yule mtoto mwingine, aliyekuja akitetemeka kwa kuwa amegombana na mtoto wa mkubwa, atainua kichwa na kuanza kusema yaliyotokea.